Nilivyomwacha Danieli Hai

Jumatatu, 13 Januari

Mashuka ya vyumba vinne. Kanzu saba za baba mwenye nyumba, zote pasi. Madam amelala saa nane na nusu. Nimeingia chumba cha kufulia, nimesukuma taulo chini ya mlango sauti isitoke. Sura ya kwanza, dakika kumi na mbili. Nimetuma.

Kitabu si changu. Ni cha Lujain, binti wa madam, anasoma Kiingereza chuo kikuu hapa Riyadh. Mwalimu wao anataka insha: uraibu, msiba na ustahimilivu katika fasihi ya wenyeji wa asili. Lujain hapendi kusoma. Alijua nimemaliza kidato cha nne, akanitupia kitabu jikoni. "Dama, soma wewe, uniambie kuna nini ndani. Yalla." Nimekubali haraka kuliko alivyotarajia.

Kuna bibi mmoja katika nchi ya barafu, kaskazini kabisa. Watu wake walikuwa pale kabla ya kila mtu. Analea wajukuu wawili, msichana na kaka yake Danieli. Danieli anakunywa.

Ndugu yangu Kazungu hanywi. Kazungu anatumia unga. Ameingia kituo cha kuacha unga tangu juzi, karibu na Mtwapa. Simu wanawaachia, kupiga hawaruhusu, kusikiliza ruhusa. Alinitumia sauti yake: "Dada, huku hakuna la kufanya. Nisomee kitu, kama zamani." Kwa hiyo nasoma kwa Kiingereza, namwambia kwa Kiswahili.

Jumanne, 14 Januari

Alama ya maikrofoni imegeuka buluu saa kumi na mbili jioni. Amesikiliza. Ameandika maneno mawili: "Tuma nyingine."

Sura ya pili, dakika kumi na nne. Shule. Watoto walichukuliwa na watu wa kanisa, wakanyolewa, wakapigwa kila wakisema lugha ya mama zao. Nilisimama kidogo hapo. Shuleni kwetu Kilifi, mtoto akisema Kigiriama alivikwa kibao shingoni mpaka amkamate mwenzake akikisema. Kazungu alikivaa sana. Alikuwa hawezi kunyamaza.

Nimeanza orodha nyuma ya daftari. Sura, dakika, imesikika au bado.

Ijumaa, 24 Januari

Wageni kumi na tisa. Mgongo umekufa.

Sura ya sita nimetuma alfajiri. Buluu kufikia saa nne. Haandiki tena chochote, lakini kila kitu anasikiliza. Sitaki kumsumbua. Mtu mwenye arosto, mwili mzima unadai unga, hawezi kukaa akiandika barua.

Lujain ameuliza mbona Danieli haachi tu. Nimemwambia Danieli ameacha mara nne mpaka sasa, ahesabu. Akasema hiyo si kuacha. Kazungu ameacha mara tano.

Jumapili, 2 Februari

Sura ya tisa. Danieli anakufa.

Anatoka baani, anakaa nyuma ya kituo cha mafuta kujikinga na upepo, analala. Theluji inamfunika. Wanampata asubuhi. Mwandishi hakuweka kilio wala muziki. Ukurasa mmoja na nusu, basi.

Nimekaa juu ya kapu la nguo chafu. Nimebonyeza, nimeachia, nimefuta. Mara tatu. Ya nne nimesema dereva wa lori alimwona, akamfunika koti, akampeleka hospitali. Danieli amefungua macho. Nimetuma.

Najua nimefanya nini. Kazungu yuko peke yake kwenye kitanda cha kituo. Sikuweza kumwacha Danieli amfie masikioni.

Jumatano, 12 Februari

Uongo una kazi nyingi. Kila sura sasa lazima nimtafutie Danieli pa kukaa. Sura ya kumi bibi analia, nikasema analia kwa furaha. Ya kumi na moja dada yake anaenda mjini, nikasema anaenda kumletea nguo hospitalini. Zote zimesikika.

Nimemwandikia Mama kuuliza hali ya Kazungu. Amejibu kwa sauti, sekunde tisa: "Yuko kituoni, mwanangu. Anaendelea vizuri. Wewe fanya kazi, usiwe na mawazo."

Lujain anataka sehemu ya ustahimilivu. Neno hilo silipendi. Ofisi iliyonileta huku ilitufundisha mashine ya kufulia siku mbili na uvumilivu siku tatu. Nimemwambia Lujain kwamba yule bibi hakuchagua kustahimili. Walichukua ardhi, walichukua watoto, pombe ikachukua waliobaki. Yeye akawa ndiye aliyesalia kupika. Lujain akasema mwalimu anataka kitu chenye matumaini.

Shamba la babu yetu lilitolewa hati kwa jina la mtu ambaye hatujawahi kumwona. Babu aliendelea kulima pembeni mwa ukuta wa mtu huyo mpaka akafa. Watu walikuja msibani wakasema alikuwa mvumilivu.

Alhamisi, 20 Februari

Jedda. Tumefika jana kwa gari, mwendo wa saa tisa, mimi nyuma na mabegi. Tuko kwa mama yake madam. Joto la hapa lina maji ndani yake, kama nyumbani. Linaniumiza zaidi kuliko la Riyadh.

Kitabu kimebaki sura moja. Nimekibeba ndani ya pakiti ya taulo za kike.

Ijumaa, 21 Februari

Dereva alipeleka gari kwa fundi, mtaa wa Ghulail, nikatumwa naye kununua viungo. Kuna duka la mama wa Kizanzibari, Bi Zuwena. Alizaliwa hapa hapa, lakini ukimsikia utadhani ametoka Unguja asubuhi.

"Mkenya wewe," akasema kabla sijafungua mdomo. "Mnavyotembea, kama mnakimbizwa na polisi."

Nikamwambia nakimbizwa na madam, ni mbaya zaidi. Akacheka mpaka akakohoa. Akanipa kiti na chai ya tangawizi. Dereva alikuwa bado. Sijui kwa nini nilimweleza habari ya kitabu. Labda ni kile kiti. Sijakalishwa kwenye kiti na mtu tangu nilipokuja Novemba.

"Nyie mnasoma hata mkifua! Na huyo ndugu yako, anasema kinampendeza?"

Nikasema hasemi. Anasikiliza tu. Nikamwonyesha alama za buluu, moja baada ya nyingine.

Aliziangalia. Akanirudishia simu polepole. "Mwanangu, sauti yake mwenyewe umeisikia lini?"

Nikasema Januari.

"Januari tarehe ngapi?"

Tarehe kumi na moja. Bi Zuwena alianza kupanga pakiti za mdalasini ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

Nimemwandikia Kazungu kutoka ndani ya gari: Sema neno moja tu. Kwa sauti. Nikusikie.

Jumamosi, 22 Februari

Jibu limekuja saa tano, nikiwa nakuna nazi. Sauti ya mwanamke.

"Samahani sana, dada. Mimi si Kazungu. Naitwa Mama Saidi, nauza mihogo Mtwapa. Simu hii niliinunua kwa kijana mmoja, mwezi wa kwanza, tarehe ishirini hivi. Aliiuza na laini ndani. Niliogopa kukwambia, nikadhani utasema ni ya wizi. Mwanangu naye anajaribu kuacha unga, amelala hapa nyumbani, hatulii. Ukisoma anatulia. Ndiyo sababu tukanyamaza. Nisamehe."

Nimeisikiliza mara mbili. Nikamaliza nazi. Nimejikata vidole kidogo kwenye mbuzi, mama yake madam amenipa plasta.

Nimempigia Mama saa tisa. Nimesema najua simu iliuzwa. Nikasikia kuku wetu. Kisha akaniambia.

Kazungu alitoroka kituoni wiki ya pili. Walimpata amekufa nyuma ya maskani yao ya unga. Hakuna anayejua alikufa siku gani. Alizikwa tarehe nane Februari, nyuma ya nyumba, karibu na babu.

Nikauliza kwa nini hakuniambia. Mama akasema: "Ungefanya nini huko, Dama? Baba yako halali. Mimi silali. Tukasema angalau mmoja wetu alale."

Nimekata simu. Sijawahi kumkatia Mama simu.

Jumanne, 25 Februari

Riyadh. Vumbi dirishani, kidole kizima. Nimefuta.

Nimefungua orodha nyuma ya daftari. Sura kumi na tano. Dakika mia moja tisini na nane. Imesikika, imesikika, imesikika. Kazungu alisikia mbili, pengine tatu. Tarehe nane nilikuwa naosha mazulia na kufikiria Danieli atatoka hospitali kwa njia gani.

Madam ameuliza mbona macho yangu mekundu. Nimesema sabuni. Nikisema ukweli ataogopa nitaomba kwenda. Siombi. Kaburi limekwisha kufunikwa.

Mama ametuma jumbe nne. Sijafungua.

Jumapili, 9 Machi

Ramadhani, wiki ya pili. Nyumba imegeuka. Wanalala hadi adhuhuri, asubuhi yote ni yangu na ya mashine. Mimi si Mwislamu, lakini sijala mchana tangu waanze. Hakuna aliyenilazimisha. Sina njaa.

Lujain amepata alama ya juu. Amekuja jikoni kunikumbatia, amenipa chokoleti. Nimeisoma insha. Ameandika kwamba kitabu kinaonyesha roho ya mwanadamu haishindwi. Sikumwambia hivyo. Roho nilizosoma humo zilishindwa karibu zote, na kosa halikuwa lao.

Mama Saidi ameandika tena. Hadai. Anasema tu kwamba Saidi yuko siku ya arobaini bila unga, anauliza kama hadithi iliisha.

Sikumjibu. Nilimchukia siku nzima. Mwanawe amelala kwenye mkeka anasikiliza sauti yangu, iliyokuwa ya ndugu yangu. Nilimchukia na huyo Saidi, ambaye sijawahi kumwona, kwa kuwa na siku arobaini. Ndivyo nilivyo sasa. Naandika ili nisijidanganye kwamba nimekuwa mwema kwa sababu nimefiwa.

Jumanne, 11 Machi

Nimesoma sura ya mwisho, kimoyomoyo. Haina ujanja. Kwa watu wa yule bibi, maiti huvishwa viatu vipya vya ngozi, maana safari ni ndefu. Bibi anashona viatu vya Danieli. Sura nzima ni hiyo. Anashona, macho hayaoni vizuri, msichana anamtungia uzi kwenye sindano. Mwisho anakuta ameshona kwa kipimo cha mguu wa mtoto wa miaka kumi. Hawezi kushona tena. Danieli anazikwa na viatu vilivyoegemezwa kwenye nyayo zake.

Sura hii haisomeki kama Danieli yu hai. Nimejaribu. Nimefikiria kusema ni zawadi ya mtoto wake atakayezaliwa. Nikasikia nilivyofanana na Mama, nikaacha.

Alhamisi, 13 Machi

Saa mbili asubuhi. Taulo chini ya mlango, ingawa hakuna aliyeamka.

Nilibonyeza na kusema: Saidi, mimi ni Dama. Nilikudanganya sura ya tisa. Hakukuwa na lori. Danieli hakuamka. Niliogopa kwa ajili ya ndugu yangu, na ndugu yangu hakuwa anasikia. Sasa nakusomea mwisho kama ulivyo.

Dakika kumi na tisa. Ndefu kuliko zote. Nimetuma. Nikaanika shuka juu ya paa.

Ijumaa, 14 Machi

Kulikuwa na ujumbe nilipoamka. Si Mama Saidi. Sauti ya kijana, imekwaruza, anavuta pumzi katikati ya maneno.

"Dada, nilijua. Tangu siku ile. Ulipofika kwa yule dereva wa lori sauti yako ilibadilika, ukawa unasoma haraka kama mtu anayefunga mlango. Mama alisema ameokolewa. Mimi nikamwambia hapana, huyo ameshakufa, dada anatuonea huruma. Pole kwa ndugu yako."

Hiyo tu. Hakusema atapona. Sikumuuliza.

Kitabu nimekirudisha chumbani kwa Lujain, rafu ya pili, mahali pake. Hakuwepo.

Kisha nimekaa juu ya kapu na kutafuta ule ujumbe wa Mama wa tarehe kumi na mbili Februari. Sekunde tisa. Nimeweka simu sikioni, mashine nimeizima.

"Anaendelea vizuri." Anasema haraka. Kwenye "vizuri" sauti inashuka, inakatika kidogo, kisha anakimbilia kusema nifanye kazi.

Habari ilikuwemo. Ilikuwemo siku zote.

Nimefungua zile jumbe zake nne. Zote anauliza kama nimekula.

Nimemjibu nimekula.