Jiwe Lililoyeyuka

Kanada,
Mwisho wa Machi

Kwako Mama Nafula, mke wangu,

Sitaanza na zile salamu tulizofundishwa shuleni, za wingi wa mchanga wa bahari, maana bahari yenyewe wewe na mimi tuliiona mara moja tu. Nitakuuliza moja kwa moja: mko salama? Kifua cha Mama kimepoa? Na Nafula bado anakataa maziwa yenye utando? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila midomo imepasuka kwa baridi, na Kiswahili naongea peke yangu nikiwa chini ya lori. Wenzangu wanadhani naomba. Siku nyingine ni kweli naomba.

Barua yako imefika. Nimeisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Unasema baba yangu Mzee amepewa notisi ya kustaafu kazi ya Reli, na kwamba nyumba yao ya Makongeni mnayokaa itabidi irudishwe mwezi wa sita. Kisha umeniuliza bila kuzunguka, kama kawaida yako: "Baba Nafula, tufunge mizigo ya kwenda nyumbani Bungoma ama ya huko kwako?" Swali hilo lilininyima usingizi. Unajua mkataba wangu ulikuwa wa majira ya theluji peke yake; theluji ikiisha, naambiwa asante na kwaheri. Sasa jibu ninalo, lakini sitalitoa hapa juu. Nawe usiruke ukurasa, nakujua.

Wewe unadhani kazi yangu ni kutengeneza magari. Kazi yangu hasa ni kupigana na chumvi. Barabara za huku zikiganda, malori ya mji hupita yakisukuma theluji kwa bamba la chuma mbele, na nyuma yakimwaga chumvi ili barafu iyeyuke. Magunia na magunia ya chumvi, mke wangu, yanamwagwa barabarani na hakuna anayelia! Sasa kumbuka kile kifuniko cha mkebe wa chumvi pale jikoni, kilivyoshika kutu ukaniita nikifungue kwa koleo. Lori zima linakuwa hivyo. Pini zinaganda kwenye matundu yake, nati hazisikii spana, na mlango wa nyuma wa chumvi unakataa kufunguka dereva akiwa katikati ya mlima.

Dawa yake si kubwa, ila haitaki uvivu. Lori likirudi, unaliosha chini kabisa, kule ambako hakuna anayekuona. Likikauka, unapuliza oili kwenye chuma. Kila pini unaipa grisi mpaka ile chafu ya zamani itoke, halafu unaichezesha kwa mkono hata kama haina shida. Boliti unayoifungua hairudi bila kupakwa dawa yake ya kuzuia kugandana. Mwanzoni niliona ni kama kumpaka mtoto mafuta kila saa. Siku hizi nisipofanya, mikono yangu inanisuta.

Sasa nikuambie nilivyochekwa. Unakumbuka gereji yetu kule Industrial Area, malori yalivyokuwa hayana breki ya mkono hata moja inayoshika. Lori likisimama tu, fundi mkuu alipiga kelele: "Weka mawe, wee! Hii ni mali ya wenyewe, ikitoroka utaikimbiza?" Kwa hiyo mimi nikisimamisha lori, mkono wangu unatafuta jiwe kabla kichwa hakijafikiri. Wiki yangu ya kwanza huku nililiegesha lori ndani ya karakana, nikatoka nje kutafuta jiwe. Kila kitu kimefunikwa. Nikapiga teke kitu kigumu, cheusi kwa uchafu, kizito kisawasawa. Nikakibeba, nikakisukuma chini ya gurudumu, nikaenda kunywa chai nikijiona fundi kweli kweli.

Karakana ya huku ina joto kama jikoni kwako. Niliporudi, nikakuta dimbwi la maji chini ya gurudumu, na wanaume wazima wameshika mbavu. Jiwe langu lilikuwa barafu! Lori lilikuwa limejisogeza taratibu mpaka likaegemea meza ya vifaa. Halikuvunja kitu, lakini kuanzia siku hiyo jina langu likawa Stoni, yaani Jiwe kwa Kiingereza chao. Ukipita asubuhi: "Stoni, leo jiwe lako li hai?" Nilicheka nao, ila usiku niliona haya. Nikaapa kwamba mambo ya mawe nimeyaacha Nairobi.

Na hapo ndipo nilipokosea. Mwezi wa pili niliosha lori kubwa kuliko yote, nikalisugua chini mpaka likang'aa. Ndani hakukuwa na nafasi, nikaliegesha nje. Sikutafuta jiwe. Nilivuta breki ya mkono barabara, kama muungwana, nikaenda zangu. Maji yalikuwa bado ndani ya breki, na baridi ya huku haimsubiri mtu. Asubuhi breki zilikuwa zimegandana na magurudumu. Dereva alitia gia, injini ikanguruma, magurudumu ya nyuma yakaburutwa juu ya theluji bila kuzunguka. Basi la watoto wa shule lilikaa chini ya mlima likingoja barabara isafishwe, na wazazi wakapiga simu kwa hasira. Tulizipasha breki joto, tukagonga kwa nyundo, na mimi nikawa nafikiria nyinyi na ile nyumba ya Makongeni. Niliogopa, Mama Nafula. Nilijua nimefukuzwa.

Msimamizi wetu anaitwa Roni, mtu mzima, haongei sana. Aliniita kando.

"Nani alikufundisha kuvuta breki ikiwa na maji?" akauliza.

"Hakuna. Niliona ndiyo adabu ya huku."

"Ukishaosha lori, liendeshe kidogo huku ukikanyaga breki, zikauke. Halafu ukiliegesha nje, achilia breki na uzuie magurudumu. Na lile jiwe lako uliliacha kwa nini?"

"Mlinicheka."

"Tulicheka barafu," akasema. "Hatukucheka jiwe."

Sehemu hii msomee Mzee, umsomee polepole. Nilikwenda nyuma ya karakana nikapata mbao ngumu za zamani, nikachonga kabari. Nilizichonga kama ile ya Mzee, ile ambayo miaka yote alikuwa akizuia nayo mabehewa pale yadi, na ilipoisha makali akaileta nyumbani kuzuia mlango wetu wa jikoni usijibamize. Chini nene, mbele imelala, na kamba nyuma. Kamba ile naifunga kwenye usukani, dereva asisahau kwamba magurudumu yamezuiwa, jinsi Mzee alivyonionyesha nikiwa mdogo nikimpelekea chakula. Kila lori sasa lina kabari zake mbili. Jina la Stoni halijaisha, lakini siku hizi wanalitamka vizuri.

Wiki iliyopita theluji ilianza kukonda, tukayapanga malori kwa mapumziko. Kila mwaka, wanasema, huo ndio wakati wa kilio: pini zimekufa ndani, zinakatwa kwa moto. Roni alipita na nyundo yake akigonga moja moja. Pini ya bamba la mbele aliitoa kwa vidole. Akaenda kwa lori la pili, la tatu. Mwisho akaja niliponawia mikono.

"Kiangazi una mpango gani?"

Nikamwambia nitarudi kwetu, mkataba umeisha.

"Nani amekwambia uende? Kutu haina likizo," akasema. "Nataka ubaki. Na kuhusu mke wako na mtoto, nitawaandikia wale wa uhamiaji mimi mwenyewe."

Nilimshika mkono nikiwa na sabuni.

Kwa hiyo jibu ndilo hilo: mizigo ya huku. Najua karatasi hazitatoka kesho. Mwezi wa sita ukifika kabla hazijatoka, wewe na Nafula mkae kwa dada yako Maringo, nami nitampigia simu kumwomba vizuri. Mzee na Mama waende Bungoma wakapumzike. Mzee ameyasikia magari moshi ya kutosha.

Msalimie Mzee na Mama, na dada yako na shemeji. Yule jirani wetu wa kwaya mwambie bado nashindwa na sauti ya tatu, hasa nikiwa chini ya lori. Mkipita soko la Burma, mnilie nyama choma kwa niaba yangu. Ya huku haina moshi.

Jambo la mwisho. Siku ya kuhama, vitu vikishatoka vyote, usiiache ile kabari ya mlango wa jikoni. Ataichukua atakayehamia humo awashie moto. Muombe Mzee akupe, uifunge ndani ya nguo za Nafula uje nayo. Nimepata vyumba viwili hapa, na mlango wake unajifunga wenyewe kila ukiuachilia. Nataka siku mtakapofika mlango huo uzuiwe kwa kabari hiyo, ubaki wazi.

Ni mimi mumeo anayenuka grisi,
Wanjala, Baba Nafula