Siku Niliyosema "Naafiki"

Jumatatu, 3 Juni

Bajeti imesomwa leo. Kusoma kumechukua saa mbili na dakika kumi, na glasi nne za maji kwa Waziri wa Fedha. Amejisifu kweli! Mapato yamevuka lengo, kuna ziada ya bilioni nne. Wenzangu wakapiga meza. Mimi sikupiga. Nilikuwa muuguzi miaka kumi na saba kabla ya siasa, na mgonjwa anayesema hajambo kabla hajaulizwa ndiye wa kupimwa kwanza.

Nimekipekua kitabu cha mapato mpaka ukurasa wa 88. Kodi hazikupanda. Ushuru haukupanda. Kilichopanda ni mstari mmoja — "Mapato mengineyo". Bilioni nne na ushei. Mengineyo yapi? Hakuna maelezo. Hapa kuna namna, na nitaijua tu. Kesho napeleka swali.

Jumanne, 4 Juni

Swali limepokelewa. Namba saba, Alhamisi ya wiki ijayo, asubuhi ya siku ileile ya kupigia bajeti kura.

Mnadhimu wa chama, ambaye hutupangia kura zetu na kuwakaripia wakaidi, kanikuta kwenye ngazi. Eti Mama Maswali, huwezi kuulizia barabara kama wenzako? Nikamwambia barabara ya kwangu ina lami, ahsante. Akacheka kwa meno tu.

Jumatano, 5 Juni

Wifi yangu kapiga simu. Ni dada wa mume wangu, msimamizi wa wodi ya magonjwa ya kuambukiza hospitali ya wilaya. Si mtu wa kupiga simu saa za kazi, kwa hiyo nilitoka nje ya kikao.

"Wifi, nimebaki na katoni tatu za maji ya dripu. Mwaka jana wakati kama huu nilikuwa nazo sitini."

Klorini ndoo moja. Glavu anawagawia wauguzi kwa kuhesabu. Kaomba msaada Mfuko wa Dharura za Afya, kajibiwa mfuko umekauka tangu mwaka jana. Miezi minne hivi mvua za vuli zitaanza, na kipindupindu hakihitaji mwaliko. Mwaka juzi tulizika watu kumi na tisa. Baadhi yao walikufa wakisubiri dripu, na ndiyo maana mfuko ule ukaanzishwa. Niliupigania mpaka sauti ikanikauka.

Nikamuuliza, mfuko ulikuwa na kiasi gani? Akajibu, bilioni nne na ushei, wifi, wewe si ndiye uliyetuambia.

Nimesimama pale koridoni nikicheka peke yangu. Wamechukua akiba ya wagonjwa wakaiita mapato! Bajeti ikishapita fedha hizo zimekwenda, maana zimekwisha kugawiwa kwenye matumizi mengine na hazirudi tena. Lakini bado siku nane. Nimekupata, Bwana Ziada.

Ijumaa, 7 Juni

Sijui nianzie wapi.

Nilikwenda kwa karani wa kamati, mzee aliyehudumu chini ya maspika watano. Nilitaka anionyeshe Hazina imepata wapi ruhusa ya kuzichukua fedha za mfuko. Akanieleza vizuri, taratibu. Sheria inasema fedha zisizotumika zirudi Hazina kila mwisho wa Juni. Aya ya (c) ndiyo iliyokuwa ukuta — isipokuwa fedha za Mfuko wa Dharura za Afya. Mwaka jana Bunge liliifuta aya hiyo.

Nikasema haiwezekani. Ningeliona.

Siku ile vilikuwa vifungu arobaini kabla ya chakula cha mchana. Na sisi saa hiyo tuna kawaida yetu. Karani anataja namba, mmoja wetu anasimama kuafiki, wengine wote "ndiyoooo", anakwenda namba nyingine. Kuafiki tunapeana zamu, kama watu wa nyumba moja wanaopokezana ufagio. Anayesimama hasomi. Wanaokaa hawasomi.

Mzee akafungua Hansadi, kumbukumbu rasmi ya yote yasemwayo bungeni, akaigeuza inielekee, kisha akaangalia dirishani. Jina langu lipo pale. Neno moja mbele yake — "Naafiki."

Naikumbuka siku hiyo. Nilikuwa na njaa.

Jumapili, 9 Juni

Nimemwambia mume wangu. Yeye ni mwalimu wa udereva, kila jambo kwake ni kioo na breki. Leo aliacha vioo, akasema, "Nyani haoni kundule." Kisha akajuta, akanimiminia chai kabla sijaomba. Ushauri wake — nifute swali, nimpe mbunge mwingine aliulize, mimi nikae pembeni. Ushauri mzuri. Nilikaribia kuukubali.

Halafu nikampigia wifi. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Nilimweleza yote bila kupamba. Akaniuliza:

"Ulikuwa unaangalia wapi, wifi?"

Akasema mwaka juzi alikaa siku tisa bila kurudi nyumbani, nami nilijua, kwa sababu watoto wake walilala kwangu. Kweli walilala kwangu. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata siku ile niliposhindwa uchaguzi wa kwanza.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema. "Wewe ni muuguzi, hilo sikufundishi." Akakata.

Sifuti swali.

Jumatatu, 10 Juni

Mnadhimu kaniita kantini. Kaniagizia chai yeye mwenyewe, na sukari kanitilia! Nikajua tu. Kumbe Waziri naye ameisoma Hansadi. Nikiuliza, ataisoma ukumbini mbele ya kamera. Nisipouliza, ukurasa unaendelea kulala, na kuna kiti kimoja wazi kwenye Kamati ya Fedha. Eti mtu makini kama mimi kinamfaa sana. Kilemba cha ukoka hicho, nimeshavishwa vingi.

Nikamwambia nipe mpaka Alhamisi nifikiri. Nilikuwa nimeshafikiri. Nilitaka tu na yeye akose usingizi kidogo.

Jumatano, 12 Juni

Wifi katuma ujumbe mmoja. Katoni zimebaki mbili. Hakuna salamu.

Swali la nyongeza nimeliandika upya mara sita. Kila nikiliandika linakuwa fupi zaidi, na kila likiwa fupi nalipenda zaidi. Nimenyoosha gauni la bluu.

Alhamisi, 13 Juni

Naandikia mapajani, humuhumu ukumbini. Spika amesimamisha kikao dakika kumi.

Ilikuwa hivi. Waziri alijibu swali langu la msingi kwa sentensi mbili, "mapato mengineyo ni makusanyo mbalimbali." Mbele yake Hansadi, na karatasi ya njano imechomoza kwenye ukurasa ninaoujua. Alikuwa ananisubiri. Nikasimama kwa swali la nyongeza.

Nikasema, Mheshimiwa Spika, mwaka jana Bunge hili lilifuta aya iliyolinda fedha za dharura za afya. Aliyesimama kuafiki ni mimi. Sikuisoma. Sasa namwomba Waziri aniambie, bilioni nne anazoziita ziada ni mapato ya serikali, au ni dripu za wagonjwa?

Upande wa pili wakacheka. Mmoja akapaza sauti nijiuzulu. Waziri akaifungua Hansadi, akaifunga. Kilichokuwa ndani nilikuwa nimeshakisema mimi. Akaomba muda akashauriane na wataalamu wake.

Sasa mnadhimu amekuja kukaa kando yangu. Nilijiandaa kwa matusi. Akaomba nakala yangu ya ule ukurasa wa Hansadi. Ameusoma mara mbili, kidole chini ya mstari.

"Na mimi siku hiyo nilikuwepo?"

Ulikuwepo.

"Nilisema nini?"

Ndiyo. Sote tulisema ndiyo.

Kisha akampa karatasi mbunge wa kiti cha mbele, naye akaisoma akampa jirani yake. Imefika safu ya tatu. Watu wanasoma. Miaka sita nimo humu, sijawahi kuuona ukumbi huu kimya namna hii.

Kengele inalia. Waziri anaingia na karatasi moja tu mkononi, iliyoandikwa kwa mkono. Mnadhimu ameniinamia sikioni. Anauliza, kura ya mchana huu, awaambie watu wake waseme nini —