Karatasi Ndani ya Biblia ya Mama

Kesses, Eldoret

Kaka Ronnie,

Huku mvua haijakatika, na mahindi aliyopanda Mama yamefika magotini.

Mimi bado nafundisha pale chuoni. Nawaambia wanafunzi wasiamini habari yoyote kabla ya kuuliza nani ameiandika na amejuaje.

Tulipomzika Mama tulijiuliza sana kwa nini aliacha dawa za presha. Jana nilifungua Biblia yake nikapata karatasi. Amenakili ujumbe wa WhatsApp unaosema majani ya mpera yanaponya presha, mtu atupe tembe. Ujumbe huo nilimtumia mimi, Ronnie, bila kuusoma hadi mwisho. Chini yake ameandika, "Hii ni kweli. Imetoka kwa Kavetsa, mwalimu wa chuo."

Usimwambie Baba.

Dada yako,
Kavetsa