Sauti mu Ukuta wa Kanisa

Kolwezi, Siku ya Mungu, magaribi

Yaya Falonne, dada yangu mukubwa,

Huku tuko muzima, batoto banakusalimia. Mvua imeanza, na mihogo ya mama imeota muzuri.

Leo mi na bwana yangu Stany tulienda kuona ile kanisa mupya ya mu pori, karibu na Lualaba. Iko duara kama kichuguu, haina kona hata moja, na ukuta wake unabeba sauti. Mutu akinongona upande huu, mwenye kukaa upande wa pili anamusikia kama vile iko pembeni yake.

Stany alipiga magoti mbali na mi, pembeni ya ukuta wa upande wa pili. Niliegemea ukuta, nikasikia: "Mukuna, unisamehe. Uliniita mule mu shimo, mi nikakimbia."

Yaya, miaka yote Stany alituambia bwana yako Mukuna alikufa palepale, wakati udongo uliporomoka mu shimo ya madini.

Nikamufuata Stany, nikamuuliza: "Bado anakuita?"

"Kila siku," akajibu. "Hata humu ndani."

Wiki ijayo atakuja kwako Kisenge, akuambie yeye mwenyewe. Sijui nikuombe umufungulie mulango ao hapana. Mi nitamusindikiza, lakini akianza kusema, nitakaa upande wako.

Mudogo wako,
Mignonne