Wakija Kumpa Pole Mama

Mkonze, Dodoma

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo. Mmeamkaje huko Kondoa, wewe, watoto na mgonjwa wetu? Mama anameza uji bila kupaliwa? Ule mkono wa kulia umeanza kushika chochote? Mimi mwili mzima, ila roho, dada, roho imechafuka. Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako inasikika mpaka kwa jirani, na haya sitaki mama ayasikie.

Mama alipopata kiharusi, meneja wetu aliniambia kwa mdomo wake, "Zaina, nenda kamuuguze mzazi, kazi utafanyia hukohuko." Nikaja huko na kompyuta yangu. Wewe ni shahidi: namlisha, namgeuza, akisinzia naingiza taarifa za wakulima. Kuna siku kazi ililala? Hakuna! Mara ukaja ujumbe: Jumatatu wote ofisini. Hatukuulizwa, hatukuelezwa. Ndiyo maana niliondoka kama nafukuzwa, nikakuachia mama peke yako, ukafunga genge lako.

Sasa sikia vituko. Ofisini kwetu, hapa Nkuhungu mjini Dodoma, viti havitoshi, watu tunapokezana meza. Na meneja mwenyewe hayupo! Yuko kwake Dar es Salaam, anatusalimia kwenye kompyuta. Yaani tumetolewa makwetu tuje tukusanyike kumtazama yeye akiwa sebuleni kwake. Nikamuuliza kwa adabu, "Samahani bosi, na ile ruhusa yangu?" Akajibu mbele ya wote, "Kuna watu wanalipwa mshahara huku wanabadilisha nepi za mama zao." Na wengine wakacheka.

Dada, habari ya nepi nilimwambia yeye peke yake, siku ile naomba ruhusa, machozi yananitoka. Aibu ya mama yangu kaifanya mzaha wa kikao! Nilikwenda kulia chooni. Mwenzangu Neema akanifuata, akaninong'oneza, "Mimi nina mimba, shoga. Nilitaka kumwambia leo. Sasa ataiona mwenyewe tumbo likitoka." Ndivyo tunavyoishi siku hizi. Zamani tulikuwa tunaambizana kila kitu, sasa mtu akiulizwa habari anasema nzuri, basi.

Jana meneja kaja na jipya. Alhamisi ofisi inatuma watu kumpa pole mama, wamevaa fulana za shirika, na sukari, na katoni ya sabuni, na mpiga picha. Astaghfirullah! Wamemwondoa mtu aliyekuwa akimwogesha, sasa wanamletea sabuni. Watu hawa hawana hata chembe ya haya.

Najua kwetu anayekuja kumjulia hali mgonjwa harudishwi mlangoni. Wapokee, wape chai, washukuru. Lakini mama abaki chumbani, na picha hapigwi, hata wabembeleze vipi. Wakiuliza anaendeleaje, sema alhamdulillahi, usiongeze neno.

Msalimie sana shemeji, mume mwema aliyekubali mhamie kwa mama. Msalimie baba mdogo anayekuja kumsomea dua, na bibi wa nyumba ya pili anayewaletea maziwa.

Na mama akiuliza mbona wenzangu wamefika na mimi sipo, usinifichie. Mwambie niliomba nafasi kwenye gari lao, meneja akasema nibaki, kuna kazi.

Mdogo wako mwenye hasira na hamu ya kuwaona,

Zaina