Ushuru wa Miguu ya Meza

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha ada na tozo za mwaka. Saa tatu asubuhi hadi saa tisa — kwa kikombe kimoja cha chai kavu! Mimi ni karani. Kazi yangu ni kuandika wanayosema wengine na kufunga mdomo. Miaka kumi na moja nimeufunga vizuri.

Makaburi, vyoo, maegesho, ukumbi wa sherehe, vyote vilipita kwa mtindo wetu wa kila mwaka: chukua bei ya mwaka jana, ongeza kidogo, geuza ukurasa. Tukakwama kwenye meza za sokoni. Siku zote meza ni meza, ada moja. Leo Mwenyekiti anasema si haki mwenye meza kubwa kama kitanda alipe sawa na mwenye kimeza cha kuuzia viberiti. Diwani tunayemwita Futi Kamba — fundi ujenzi wa zamani, hatembei bila futi kamba mfukoni — akataka kila meza ipimwe. Mweka Hazina akauliza, apime nani? Watoza ushuru? Hao wakinunuliwa soda tu, meza inafupika!

Saa mbili nzima za hayo. Tumbo linanguruma mpaka watu wanageuka. Nikajisemea moyoni, kumbe kwa sauti: si mhesabu miguu tu, kubwa ina sita, ndogo ina nne, twende tukale!

Vichwa vyote vikanigeukia. Nikajua kibarua kimeota nyasi.

Mwenyekiti akapiga meza. Huyu bwana ana akili! Mguu hata mlevi anauhesabu! Mikono yote juu. Hata Futi Kamba, shingo upande.

Jumanne, 4 Machi

Kichwa kimevimba, nakiri. Nimechapa muhtasari wa kikao. Kwa taratibu zetu karani hatajwi, karani ni kama feni ya ukutani. Nimejitaja! "Wazo la kutoza kwa mguu lilitolewa na Karani, likapokelewa kwa shangwe." Na mstari chini yake, kwa rula. Mwenyekiti akasaini kila ukurasa bila kusoma hata mmoja.

Nyumbani nikamwambia mke wangu wazo langu limepita. Wazo gani? Siri za ofisi, nikasema. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, alikuwa akipiga pasi mashati yake ya mitumba. Akainua macho. "Hongera, mwanangu."

Mwanangu! Miaka tisa ya ndoa mimi ni "huyo karani". Nimekula sahani mbili.

Jumamosi, 8 Machi

Nimembebea mama mkwe robota lake hadi sokoni, kama kila Jumamosi. Tukapanga meza, mashati huku, suruali kule. Hanga ikaanguka. Nikainama kuiokota, nikaona miguu ya meza. Nikahesabu. Nikahesabu tena kuanzia upande wa pili, huenda nimekosea.

Sita.

Meza hiyo aliichonga marehemu mumewe, seremala, mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Picha yake mama hana hata moja. Ana meza. Huifuta kila asubuhi kabla ya kupanga bidhaa, na mteja akiiegemea tu anakemewa. Jasho jembamba likanitoka. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema ni jua hili, mama. Tulikuwa kivulini.

Jumatatu, 10 Machi

Nimebandika tangazo la ada mpya. Siku kumi na nne za pingamizi, kikao cha wananchi Jumanne ya tarehe 25. Nimelibandika chini kabisa, pembeni, karibu na sakafu. Ubao ule hausomwi na mtu. Mwaka jana tangazo lilikaa kichwa chini mwezi mzima, hakuna aliyelalamika.

Kufika saa sita soko zima linajua! Na watoza ushuru wanaanza kuandikisha Alhamisi. Miguu watakayoikuta ndiyo itakayolipiwa mwaka mzima.

Alhamisi, 13 Machi

Nimetumwa na daftari kufuatana na watoza ushuru. Sokoni ni misumeno tu! Seremala anafanya kazi kwa foleni. Muuza sahani kabakiza miguu mitatu, anatembea kwa ncha za vidole karibu na meza yake mwenyewe. Muuza betri kaitundika ya kwake kwa kamba kutoka darini — miguu sufuri, na inabembea, mteja anadaka bidhaa ikipita. Fundi viatu katandika gunia chini. Akaniambia miguu iliyopo pale ni yake, alizaliwa nayo, niiandike nikitaka.

Wauza viatu, watu saba, wameunganisha mbao mstari mmoja, miguu minne kwa wote. Ujanja kweli! Mtoza ushuru akaegemea ncha moja aandike vizuri. Ncha ya pili ikapaa. Tumekaa saa nzima tunatafuta viatu pacha. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikamwona mama mkwe ng'ambo, amesimama kando ya meza yake, hacheki. Miguu sita, nzima. Nikaiandika kwa mkono wangu.

Jumapili, 16 Machi

Leo soko limefungwa. Daftari linaweza kurekebishwa hadi kesho. Mama mkwe kaazima msumeno kwa jirani, akaniambia twende.

"Nishikie hapa, mwanangu."

Miguu miwili ya katikati. Nikashika. Akauweka msumeno kwenye mbao. Hakukata. Akakaa chini pale pale, akanieleza. Enzi zile alipenda kupanda mezani na kuning'iniza miguu, wakipiga soga na mumewe. Alipopata mimba ya mke wangu hakuacha. Basi marehemu akaongeza miguu miwili katikati, bila kumwuliza, asije akaanguka.

Akapangusa macho kwa kanga. Akasema hana haja ya kumtukana aliyetunga jambo hili. Anataka kumwona tu, uso kwa uso.

Alikuwa nusu hatua kutoka kwangu! Nilipaswa kusema. Nikasema msumeno nitaurudisha mimi. Nimeona aibu, aibu ya kweli.

Jumatano, 19 Machi

Wafanyabiashara wamemchagua mama mkwe awe msemaji wao. Anataka nimfundishe namna ya kuongea mbele ya madiwani. Nikamfundisha "kwa heshima na taadhima". Akauliza kama kuna karatasi inayoonyesha nani alisema nini. Nami kwa kujitia mjuzi — ipo mama, inaitwa muhtasari, na mwananchi yeyote ana haki ya kuomba usomwe!

Mke wangu anauliza mbona siku hizi sili.

Jumanne, 25 Machi. Ofisini, saa tano na robo

Naandika haraka. Ukumbi umefurika, wengine wako madirishani. Mama mkwe kasema kwa heshima na taadhima mara nne, na kila mara madiwani walizidi kuingia ndani ya viti vyao. Kawaeleza habari za meza. Muuza sahani akalia waziwazi. Mwenyekiti kuona hivyo akageuka kama chapati — ati hata yeye alilishangaa wazo hilo lilipoletwa.

"Lililetwa na nani?"

Mwenyekiti akatazama dari. Madiwani wote wakatazama dari.

"Basi naomba muhtasari usomwe."

Nimetumwa faili. Kikao kimesimama, nimepewa dakika kumi. Faili liko hapa, halikupotea hata siku moja. Ukurasa wa tatu, na mstari wangu wa rula!

Futi Kamba kanifuata mbio. Chapa upya, bwana! Weka "mjumbe mmoja", Mwenyekiti atasaini, yule hasomi kitu. Nimechapa. Nayo imesainiwa, pale koridoni, juu ya mgongo wa Futi Kamba. Sasa nina kurasa za tatu mbili, ya zamani na mpya.

Mara mama mkwe kaingia, koo limemkauka. Nikampa maji. Akaufunga mlango kwanza, na mimi nilidhani haogopi kitu.

"Mwanangu, nikimjua huyo mtu nimwambie nini? Nakuuliza wewe maana humu ndani nina wewe tu."

Sijui nilikotoa maneno. Nikamwambia, "Mwulize kama amewahi kuiona hiyo meza."

Akalipenda swali hilo. Akalirudia mara mbili asilisahau, akanishika bega, akarudi ukumbini.

Nimeiona, mama. Kila Jumamosi kwa miaka tisa.

Kengele ya Mwenyekiti. Nimeweka kurasa zote mbili ndani ya faili. Futi Kamba anagonga mlango, anasema wote wameshakaa, wananisubiri mimi