Mwanamuke, Bujumbura

Ilias wangu,

Assalam aleikum. Barua hii nampa Hamimu wa shangazi akuletee huko Ubelgiji, sababu kwa simu ungenijibu na kidole gumba tu. Sisi tuko wazima. Mvua imeanza, na duka letu la vitambaa hapa mtaa wa Asiatique linavuja tena.

Foto ya maonyesho yako ya picha nimeiona. Umenitundika karibu na sanamu ya kale ya jiwe, na kweli tunafanana: shuka nyeupe ya Mama imeniteremka kwa mikunjo, uzito wote uko mguu moja, goti la pili limelegea. Nakumbuka ulivyonipanga siku ile sebuleni. Ulisema, "Assia, usisimame kama askari. Simama kama yale mawe ya zamani, kama mutu anangojea na hachoki." Mama akiona bega langu wazi nitamwambia ni la jiwe.

Mpaka leo nasimama vile nikipimia wateja kitambaa. Mama ananiuliza kama nyonga inaniuma. Namwambia apana.

Lakini chini ya picha yangu umeandika kwa Kifaransa: "Mwanamuke, Bujumbura." Basi. Lile jiwe halina jina sababu wote waliolijua wamekufa. We uko muzima, Ilias.

Hamimu atakuletea na ile shuka. Nimeifua, lakini sikuinyoosha, mikunjo yako ingali mule.

Muke wako,
Assia. Inaandikwa na s mbili.